Noela Anataka Kwenda Kusiko na Mtu Wetu

Na habari ya mlango muiache kabisa. Mlango wa ule ukumbi ni wa chuma, una springi, ukiuachia unajibamiza wenyewe, waulizeni hata wenye kanisa. Mimi nilitoka tu. Kama kutoka ni dharau, basi wote mnaotokaga nje kupokea simu katikati ya kikao mna dharau. Nimechoka kuelezwa tabia yangu na watu ambao hata hawakusikia nilichosema. Na wala siyo mimi niliyekuwa naongelewa pale. Alikuwa anaongelewa Noela, na mpaka leo nikifungua grupu letu la Watanzania wa huku Minneapolis na Saint Paul nakuta mtu kaandika eti "yule binti wa Mama Gasto amemkataa baba yake mdogo." Amemkataa! Kama vile aliletewa posa.

Basi nawaeleza. Siandiki vizuri, haiskuli yenyewe nilimaliza kwa kusukumwa, na hapa naandika kwa kidole kimoja ndani ya van, nje ya kliniki, nasubiri wagonjwa ninaowaendesha, wale wanaosafishwa figo, watoke. Mkikuta nimekosea mahali, someni hivyo hivyo.

Noela ni mdogo wangu mimi Gasto, tumbo moja, ana miaka kumi na saba. Mnamjua. Yule mrefu wa miwani anayekaa benchi la nyuma, ambaye ibada ikiisha tu mnamzunguka. "Noela mwanangu, hebu nisomee hii barua ya bima." "Noela, simu yangu haitoi sauti." "Noela, ukipata nafasi pitia nyumbani, televisheni imegoma." Na anapitia. Mnamjua kwa sababu mnamtumia. Lakini niulize nani kati yenu anajua anapenda nini, mtaanza kuangaliana.

Sisi tunakaa mtaa wa Phillips, Minneapolis, ghorofa ya tatu, jengo la matofali mekundu, tangu baba alipofariki. Jengo zee. Ukutani kwenye ngazi kuna ufa umepanda kama mzizi wa mti. Noela akiwa bado mdogo, anasoma darasa la tano kama sikosei, nilimkuta amechuchumaa pale na chupa ya rangi ya kucha ya mama. Anachora kistari chekundu, anakivusha juu ya ufa, kutoka upande huu kwenda upande ule.

"Unafanya nini wewe?"

"Naangalia kama unatembea."

"Ukuta utembee?"

Akaifunga chupa. Baridi ikaja, ikaisha, akanivuta mkono nikaone. Kistari kilikuwa kimekatika katikati, nusu ya huku imeachana na nusu ya kule. Akacheka peke yake kama ameokota dhahabu. Akaniambia ardhi ya huku maji yakiganda chini inavimba, inanyanyua nyumba kwa pembeni, jua likija inairudisha, lakini hairudi pale pale ilipokuwa. Mimi naendesha gari juu ya hiyo ardhi kila siku, navunja springi kwenye mashimo kila Machi, sikuwahi kujiuliza. Mama yeye alichokasirikia ni rangi ya kucha. "Niliinunua kwa ajili ya harusi ya kina Haika!" Lakini hakumpiga.

Toka hapo ndiyo alivyo. Tukienda kituo cha basi pale Lake Street anainama kuangalia lami ilivyopasuka, basi linapita. Mafundi wakifukua barabara anasimama kwenye uzio kama watu wanaoangalia mpira. Anataka kuwa injinia wa udongo na miamba, yule anayekuja kabla hamjajenga, anawaambia jengeni hapa, pale msijenge. Kazi hiyo ipo, kumbe. Ina shule yake. Mimi nilikuwa sijui.

Sasa. Aliomba vyuo vingi. Chuo kikubwa cha hapa hapa walimchukua, lakini siyo kwenye uinjinia. Walisema aanze na masomo mengine, halafu baadaye aombe kuhamia, wataangalia. Siwalaumu, waombaji ni wengi. Noela hakulia. Alifunga kompyuta, akaenda kuosha vyombo, akaosha mpaka na vile vilivyokuwa visafi.

Waliomkubali kwenye hicho hicho anachotaka ni chuo kimoja cha South Dakota, mji unaitwa Rapid City, kule mwisho kabisa wa jimbo, milimani. Chuo kidogo. Kazi yao ni uinjinia, asubuhi uinjinia, jioni uinjinia. Na jimbo letu na la kwao wana makubaliano, mtoto wa Minnesota akienda kule hatozwi kama mgeni wa mbali. Yaani mimi nilidhani tumemaliza. Nilinunua soda.

Lakini kwetu mtoto haondoki bila watu kukaa. Mama akampigia Mzee Paul, mwenyekiti wetu, Mzee Paul akaitisha kikao, tukashuka kwenye ule ukumbi wa chini wa kanisa pale Saint Paul, ule wa Walutheri wazungu wanaotuazima Jumapili mchana. Chai, maandazi, viti vya kukunja. Mama alikuwa ametoka shifti mbili mfululizo kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, akakaa amejiegemeza ukutani na sare yake bado mwilini.

"South Dakota," Mzee Paul akasema, akalipima hilo jina mdomoni. "Kuna nani huko?"

"Shikamoo mzee. Kuna chuo," Noela akajibu.

Watu wakacheka.

"Marahaba. Chuo tumekisikia. Nauliza kuna nani."

"Kuna wanafunzi wengine."

"Noela," mama akamgusa goti.

"Mimi nasikia huko kuna nyati," akasema Mama Haika. "Na theluji ya kufa mtu."

"Mama Haika, wewe umekuja hapa na buti za nini? Si za theluji?" nikamwambia.

"Wewe Gasto subiri uulizwe."

Basi ikaanza. Mmoja akasema Houston, kwa sababu mke wake ana mama mdogo Houston mwenye nyumba kubwa. Mwingine akasema Atlanta, kuna binamu. Mwingine Seattle, kuna mtu waliyesoma naye Moshi, mcha Mungu sana. Nikauliza huyo mcha Mungu anakaa karibu na chuo gani. Hakujua. Nyie ramani ya Marekani kwenu ni ramani ya ndugu. Texas siyo jimbo, ni mama mdogo wa mtu. Jimbo lisilo na ndugu halipo, ni bahari tupu.

Ndipo mama akaweka simu mezani, spika wazi, na sauti ya Baba Mdogo Eugene ikatoka Des Moines, Iowa. Huyo ni mdogo wake marehemu baba yetu, kwa hiyo ni baba yetu. Akasema: "Mtoto wa kaka yangu akalale kwa wageni, na mimi niko hai? Hapa kuna chumba. Chuo kipo dakika chache kutoka mlangoni. Uinjinia upo, nimeuliza. Mleteni."

Watu wote, "Eeeh!" Mzee Paul akafunga kwa sala. Noela nilimwona anaangalia kikombe chake cha chai. Hakunywa.

Jumamosi iliyofuata nikawaendesha Iowa, mimi, mama na Noela. Ile barabara kuu ya 35 inashuka kusini moja kwa moja, mashamba kulia, mashamba kushoto, hakuna hata kona ya kukuamsha. Mama alilala njia nzima, sufuria la ndizi nyama kati ya miguu yake. Ndiyo mapumziko yake hayo, kulala kwenye gari langu.

Baba Mdogo alitupokea vizuri, siwezi kusema uongo. Alikuwa amepaka chumba rangi mpya, kitanda kipya, pazia. Mke wake, Mama Mdogo Keziah, ni Mkenya, nesi wa usiku, akatoka jikoni na mapacha, mmoja kila kiuno.

"Karibuni sana! Mmefika aje? Noela, woi, umekuwa mkubwa hivi! Hebu shika huyu kidogo."

Noela akamshika. Kidogo kile kikawa mpaka chakula kikaisha. Tukala, Noela anakula kwa mkono mmoja, mtoto anavuta miwani yake.

"Sasa darasa zako zitakuwa zinaanza saa ngapi?" Mama Mdogo akamuuliza. "Kwa sababu Eugene hutoka kabla mimi sijarudi. Kuna hapo katikati hakuna mtu."

"Hapo katikati nadhani nitakuwa shuleni, Mama Mdogo."

"Si ziko za kusoma kwa kompyuta nyumbani?"

"Maabara haisomwi kwa kompyuta."

"Ni kusaidiana tu," Baba Mdogo akaingilia. "Nani anaongelea kazi? Nyumba ni yake. Mtoto hawezi kumshika mdogo wake?"

Nikafungua mdomo. Mama akanikanyaga chini ya meza.

Mchana Baba Mdogo akatupeleka kwenye hicho chuo. Kizuri tu, kisafi, na yule mama wa ofisini alikuwa mkweli kuliko sisi wote. Alimwambia Noela hapo anaweza kusoma miaka miwili ya mwanzo ya uinjinia, hesabu na fizikia, halafu lazima ahamie chuo kingine kumalizia. Na hicho kitu cha udongo na miamba hapo hawana.

"Si unaona? Upo," Baba Mdogo akasema tukiwa kwenye paking.

"Nusu, Baba Mdogo."

"Nusu ya kwanza ndiyo inaanza."

"Na ya pili nitaipata wapi?"

"Mungu atafungua. Wewe ukifika hapo tutakaa tena kikao."

Kikao tena! Nilihisi kichwa kinapata moto. Njia nzima kurudi nyumbani kwake nilikuwa napanga maneno, namba moja, namba mbili, namba tatu. Nilikuwa nimeshaamua, leo namwambia mbele ya mke wake kwamba alichotafuta ni yaya wa bure na akamwita mwanafunzi.

Tukaingia. Mama Mdogo Keziah alikuwa amelala. Amekaa wima kwenye kiti cha jikoni, kijiko mkononi, uji umekauka kwenye kijiko, kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi. Pacha mmoja analia kwenye kiti chake kirefu, mwingine yuko chini ya meza amejipaka uji mpaka nyusi. Huyo mwanamke alikuwa amefanya kazi usiku kucha, akatupikia, akatupokea, na jioni anarudi tena kazini.

Maneno yangu yote yakapotea. Hasira ilikuja ikakosa pa kukaa.

Noela akachukua kile kijiko taratibu, akakisuuza, akamalizia kumlisha mtoto. Mimi nikamtoa yule wa chini ya meza, nikampeleka kwenye sinki. Mama na Baba Mdogo walikuwa wamebaki sebuleni wanaangalia picha za zamani za Moshi. Maji yalipofunguka Mama Mdogo akashtuka.

"Woi. Nimelala?"

"Kidogo tu," Noela akasema.

Akatuangalia. Akamwangalia Noela muda mrefu, ana mtoto kiunoni, taulo begani, kama ameishi pale miaka. Kisha akaenda akausukuma mlango wa jikoni, akarudi, akaongea chini chini.

"Noela, skiza. Ukikuja hapa utanisaidia sana. Sana. Hujui vile nimeomba Mungu anipe mtu. Ndiyo maana nakuambia usikuje."

Akachukua kitambaa.

"Mimi pia nilikuja kwa auntie. Nilikuwa nisome mambo ya dawa, nikuwe mfamasia. Auntie alikuwa na watoto wadogo. Alikuwa mtu mzuri, hakuwahi kunitesa hata siku moja. Ni vile tu kila siku kulikuwa na kitu." Akafuta meza, mahali ambapo palikuwa pameshafutwa. "Watoto wa auntie sasa wako chuo. Mimi niko hapa. Uinesi wenyewe niliusoma nikiwa nimechelewa, nikichukua kadarasa kamoja kamoja. Usimwambie Eugene nimesema. Atadhani sikutaki."

"Na wewe utafanyaje?" Noela akamuuliza.

"Nitachoka. Si nimezoea?"

Akacheka, akamchukua mtoto, akaanza kuimba.

Kurudi nyumbani Noela alikaa mbele na mimi. Akiwa na mawazo huwa anaongea Kizungu, mimi nawaandikia Kiswahili. Aliniambia: "Kaka, tusiseme alichosema." Nikamwambia tukinyamaza wazee watakuona mwenye kiburi. Akasema sawa, wanione hivyo. Nikamwambia, wewe mjinga. Akasema, inawezekana. Mama nyuma alikuwa amefumba macho, sijui kama alikuwa amelala.

Kwa hiyo mlipokaa kile kikao cha pili, sasa mnajua alikuwa amebeba nini. Alisimama, akaamkia, akasema maneno machache: chuo cha Des Moines kina nusu ya anachotaka kusoma, anamshukuru Baba Mdogo, anaomba aende South Dakota.

"Na baba yako mdogo tumwambie nini?" Mzee Paul akauliza.

"Nimeshampigia mwenyewe. Nimemwambia asante."

"Asante ya kukataa?"

"Ndiyo, mzee."

"Mnaona majibu ya watoto wa huku!" mtu akasema nyuma. Mwingine akasema tatizo ni kulelewa bila baba. Hilo nililisikia, na aliyelisema anajijua.

Nikasimama. Niliuliza swali moja tu, kwa sauti kubwa, nakubali, sauti ilikuwa kubwa. "Kuna hata mmoja wenu aliyemuuliza huyu mtoto anataka kusomea nini?"

"Si uinjinia?" Mzee Paul akasema.

"Wa nini?"

Wakaangaliana. Mama Haika akasema taratibu, "Wa... wa kompyuta?"

Hapo ndipo nilipotoka. Mlango nimeshawaeleza.

Habari ya Iowa naiandika leo kwa sababu nilimpigia Mama Mdogo Keziah juzi, nikamwambia mdogo wangu anatukanwa kwa sababu ya kumfichia yeye siri. Nikasikia mapacha kwenye simu. Halafu akasema, "Andika. Eugene nitamwambia mimi kabla hajasoma." Jana Baba Mdogo akanipigia. Nilijiandaa kwa vita. Alisema tu, "Wamemtafuta mtoto wangu wamtukane kwa ajili yangu?" na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko mimi. Anamtafutia mke wake msichana wa kulea mapacha, wa kumlipa. Kwa hiyo kwake yameisha. Msijifanye mnamtetea.

Lakini hayajaisha kwetu. Noela bado hajafikisha miaka kumi na nane, mama lazima akubali ndiyo chuo wamwekee chumba, na mwisho ni Ijumaa hii. Mama hakubali, hakatai. Kila nikimuuliza anasema "tutaona," anaenda kazini.

Juzi nikaona basi, inatosha. Nikamfuata kazini kwake Saint Paul mchana alipotoka, kabla hajapanda treni ya kijani kurudi Minneapolis. Akaingia kwenye van, akavua viatu, akaweka miguu juu ya dashibodi. Miguu imevimba kama mikate.

"Mama, unaogopa wale wazee?"

"Wazee gani?"

"Wenye 'kuna nani huko, kuna nani huko.' Wajinga wale hawajui hata..."

"Lile swali ni langu," akasema.

"Nini?"

"Mimi ndiye niliyemwomba Paul aulize. Mimi kulisema mwenyewe sikuweza. Usiwatukane watu wazima kwa kitu usichokijua."

Nikazima injini.

Mnajua baba alikuwa dereva wa malori. Mnajua alifia Nebraska. Msichojua, na mimi nilikuwa sijui, ni kwamba alilazwa kwanza. Alizidiwa njiani, akapelekwa hospitali ya mji fulani mdogo, na nesi akawa anampigia mama. Namba ngeni. Mama siku zile hakuwa anapokea namba ngeni, kila siku ni watu wa kuuza vitu, na Kizungu chake kilikuwa kidogo, alikuwa anaogopa. Ikaita, akaiacha. Ikaita tena, akaigeuza simu chini. Kesho yake jirani ndiye aliyepokea kwa niaba yake, na ilikuwa imeshachelewa.

"Hatukuwa na mtu mji ule," mama akasema. "Hata mmoja. Tungekuwa na hata adui yetu mji ule, ningempigia akakae naye. Yule nesi aliniambia alimshika mkono. Simjui jina. Kila nikisali namtaja 'yule nesi.'"

Sasa nikaelewa kwa nini mama siku hizi anapokea kila simu. Kila simu! Hata wale matapeli wa bima ya gari anawasikiliza mpaka mwisho, anawaambia asante, Mungu akubariki. Mimi nilikuwa namcheka.

"Simkatalii Noela," akasema. "Ule ufa kwenye ngazi na mimi naupitia kila siku, nimeona alivyouchora mwaka hadi mwaka. Najua ni nani yule mtoto. Ila nitafutie mtu mmoja huko. Asimlishe. Asimlaze. Asimpe kazi. Awe na simu tu, na siku nikimwambia nenda kamwangalie mwanangu, aende. Mmoja, Gasto. Nikishaongea naye kwa mdomo wangu, nakubali siku hiyo hiyo."

Akaegemea dirisha akalala. Nilimwendesha polepole.

Basi toka juzi natafuta. Mimi niliyewatukana kwa swali lile, sasa ndiyo nalizungusha mji mzima. Nimeuliza kwenye maduka, nimeuliza Wakenya wa kanisa la pili, nimeuliza kila mgonjwa anayepanda gari hili. Mzee Bagalwa, Mkongo, anakaa siti ya nyuma yangu, jana alifurahi sana.

"Mon fils, mwanangu! Dakota? Niko na mtu!"

"Wa wapi, papa?"

"Fargo!"

"Hiyo ni North Dakota, papa. Kutoka Fargo mpaka Rapid City ni kuendesha siku nzima."

"Lakini si wanaitwa jina moja?" akasema, akakasirika kama vile ni mimi niliyechora mipaka. Leo asubuhi akaniambia amempigia huyo mtu wa Fargo, na huyo wa Fargo anauliza wengine. Angalau yeye amepiga.

Nyie hamjapiga. Nyie mna binamu Atlanta, mna mama mdogo Houston, mna mtu wa Moshi Seattle, mko wengi hivi, mnafanya kazi hospitali zote za huku, viwanja vya ndege, maghala, malori. Haiwezekani hakuna hata mmoja anayemjua mtu Rapid City. Awe Mtanzania, Mkenya, Mrundi, Mnorwei, Mhindi wa moteli, mchungaji, dereva, sijali. Acheni kuandika habari za kiburi kwenye grupu. Chukua simu yako sasa hivi, wapigie unaofanya nao kazi, waulize, na ukimpata huyo mtu mpe namba ya mama yangu ampigie kabla ya Ijumaa. Piga sasa, kabla hujasoma meseji nyingine.